Siku 5 za bahari tupu: utazipumzikaje?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 66, naishi Chumbageni, Tanga. Mwanangu anayefanya kazi Dubai amenilipia safari ya meli ya utalii, siku 14 mwezi wa Januari. Tutapandia Port Louis, Morisi, twende Mahé ya Shelisheli, Nosy Be ya Madagaska, Réunion, kisha turudi Port Louis. Kwenye ratiba naona siku 5 zimeandikwa ni za baharini tu, hakuna kushuka. Nina presha na nakunywa dawa. Boti ya Pemba niliipanda mara moja nikatapika njia nzima. Hizo siku tano nitazikalia vipi nipumzike kweli, nisiwe mzigo kwa mwanangu? Na swala je, na chakula?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nianze na boti ya Pemba, maana naona ndiyo iliyokutia hofu.

Mtu hulewa bahari pale macho na sikio la ndani vinapopishana. Macho yanaona kiti na ukuta vimetulia, sikio, ambamo ndimo mizani ya mwili ilimo, linasema tunapanda na kushuka. Ubongo hauelewi umwamini nani, na tumbo ndilo linalolipa. Lakini si kila mwendo unachefua sawasawa. Uliopimwa ukaonekana mbaya kuliko yote ni ule wa kupanda na kushuka mara moja kwa kama sekunde 5. Boti ya abiria ikikutana na mawimbi ya mkondo wa Pemba huangukia humo humo, tena ndani hewa ni nzito, na jirani akishaanza kutapika wengine wanafuata. Meli yenye urefu wa karibu mita 300 mawimbi hayo haiyapandi, inayakata. Ubavuni chini ya maji ina mapezi yanayojigeuza yenyewe kuizuia isiende mrama. Kwa hiyo kutapika kwako njia ya Pemba si lazima kujirudie safari hii.

Mapezi hayo yana udhaifu mmoja. Yanazuia kuyumba ubavu kwa ubavu tu, hayazuii omo, yaani mbele ya meli, kuinuka na kushuka meli ikikabili mawimbi. Dawa ya hilo ni mahali unapolala. Wazee wetu wanasema kwenda tezi (nyuma) na omo marejeo ni ngamani, na kwa chumba cha kulala basi anza huko huko ngamani: katikati ya urefu wa meli, sitaha, yaani ghorofa, za chini. Meli ikiinua omo, watu wa mbele na wa nyuma wanabebwa mita kadhaa. Wa katikati hajui. Ubaya ni kwamba vyumba vyenye roshani, ambavyo watoto wetu hupenda kutulipia, mara nyingi viko juu, na juu ndiko mrama unakohisiwa zaidi. Kama mwanao amekuchukulia roshani sitaha ya juu kabisa karibu na omo, mwombe ahamishe mapema. Bora chumba chenye dirisha tu, chini katikati, kuliko roshani utakayoitazama ukiwa umeshika ndoo. Cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi zaidi kwa bei, lakini giza lake ni totoro na huwezi kuona upeo wa bahari ukianza kuchafuka moyo. Kwa mtu mwenye historia yako sikipendekezi.

Aangalie pia kama tiketi yake ni ile ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayochagua chumba. Hiyo ndiyo inayowatupa watu omo, jirani na nanga na zile pangaboi za pembeni, chini ya maji, za kuegeshea meli, na saa kumi na moja alfajiri ya kuingia bandarini kitanda kizima kinatetemeka. Na atazame ramani ya sitaha: juu ya chumba chako na chini yake kuwe na vyumba vingine vya kulala. Aliyelala chini ya jiko atasikia magari ya vyombo yakiburutwa usiku, na aliyelala chini ya bwawa la kuogelea atasikia viti vikikokotwa kabla jua halijachomoza.

Dawa ya kulewa bahari inakinga, haitibu vizuri. Ukishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Inayopatikana kwa urahisi maduka yetu ya dawa ni cinnarizine: kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 30 muda wa saa mbili kabla ya kuondoka, kisha miligramu 15 kila baada ya saa 8 ikihitajika. Kuna vidonge vya miligramu 25 pia, kwa hiyo mfamasia akuelekeze, na mwonyeshe boksi la dawa yako ya presha kwanza, kwani cinnarizine yenyewe inaweza kuteremsha presha kidogo. Promethazine nayo inafanya kazi, lakini inalaza sana, inakausha mdomo, na mtu wa umri wako aliyelewa usingizi kwenye sakafu inayocheza anaanguka. Yoyote utakayopewa, ijaribu hapo Chumbageni siku moja ambayo huna safari ya kwenda popote, uone inavyokulegeza. Tangawizi mbichi inasaidia watu wengi kwa kichefuchefu chepesi. Tumbo tupu ni baya kuliko tumbo lenye kitu kikavu, kwa hiyo asubuhi kula mkate au biskuti kabla hujainuka kitandani.

Ukihisi jasho jembamba la baridi na mate kujaa mdomoni, ndio mwanzo. Acha simu, acha kitabu, usijifungie chumbani. Toka sitaha ya chini ya nje, katikati ya meli, tazama mstari pale bahari inapokutana na mbingu, na ukae hapo dakika ishirini.

Njia yenyewe, kipande kwa kipande

Siku zako tano hazifanani. Port Louis hadi Mahé ni kama maili 940 za baharini, karibu kilomita 1,740. Meli ikienda maili 18 kwa saa ni saa 52, ndiyo siku mbili za mwanzo. Mahé hadi Nosy Be ni kama maili 680, kitu cha saa 38. Kutoka Nosy Be lazima izunguke ncha ya kaskazini ya Madagaska ndipo ishuke Réunion, maili mia saba na kitu, siku mbili tena. Réunion na Port Louis ni jirani, usiku mmoja tu.

Siku ya kwanza mtakuwa na upepo wa kusini mashariki unaokaa upande wa Morisi karibu mwaka mzima, nao utawasukuma kwa nyuma. Meli itayumba polepole, wengi hulala vizuri mno. Ya pili mnaingia ukanda wa mawingu na mvua za ghafla, bahari laini, joto la kunata. Kati ya Mahé na Nosy Be ni kaskazi letu lile lile la Tanga la mwezi wa kwanza. Kipande cha kutazamiwa ni cha mwisho: mkishaizunguka ile ncha mnageuka kuelekea kusini mashariki, uso kwa uso na mawimbi marefu, na omo huanza kuinuka. Vidonge vyako viwekee siku hizo mbili. Meza cha kwanza kabla ya kuondoka Nosy Be, usisubiri usiku.

Januari pia ni msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Vinaanza Novemba hadi Aprili na vingi huja Januari hadi Machi. Kwetu Tanga tumezoea kuvisikia redioni tu, maana viko mbali na ikweta, ingawa Hidaya ya Mei 2024 ilitua Mafia. Meli haipiti ndani ya kimbunga. Kinaonekana siku kadhaa kabla na nahodha anakikwepa, mara nyingine kwa kuacha bandari nzima. Mkataba unamruhusu, na pesa mnayorudishiwa huwa ni ya ushuru wa bandari ile tu. Basi siku 5 zinaweza kuwa 6 au 7. Chukua dawa za presha za siku 14 na nyingine za wiki nzima juu yake.

Kivuli, upepo na saa

Ubingwa wa meli hizi ni kutomwacha abiria akae bure. Kuanzia asubuhi kuna mashindano, mnada wa picha, darasa la kucheza dansi, tangazo la dhahabu kwa bei ya chini, na muziki wa bwawani kuanzia saa nne. Hakuna la lazima. Siku ya bahari inaharibika kwa mtu kufuata karatasi ya ratiba. Pumziko lenyewe linategemea mambo matatu ya kawaida sana: umekaa upande gani, saa ngapi, na upepo unatoka wapi.

Meli ikielekea kaskazini, kama siku mbili za mwanzo, jua la asubuhi liko kulia. Kaa kushoto asubuhi, hamia kulia baada ya adhuhuri. Kuanzia Mahé mnashuka kusini, kwa hiyo geuza: asubuhi kulia, jioni kushoto. Mchana wenyewe usitafute kivuli cha ukuta. Wiki ya tatu ya Januari jua linapita karibu utosini pa Port Louis na Réunion, na ukuta hautoi kivuli cha kutosha hata miguu. Saa nne hadi saa tisa kaa ndani au kwenye ile sitaha ya kuzungukia meli yenye mashua za uokoaji zilizoning'inia juu yake. Hizo mashua ndizo paa. Ndiyo sehemu bora ya meli nzima na wengi hawaijui, kwa sababu hakuna muziki wala wauza vinywaji. Kuna viti vya mbao au vya kamba, upepo, na maji hapo chini karibu. Ikaliwe kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, halafu tena saa kumi jioni hadi magharibi.

Upepo nao una hesabu yake. Meli ikienda maili 18 kwa saa kuukabili upepo wa maili 15, sitahani unavuma wa maili 33, kama kilomita 60 kwa saa. Leso itakutoka begani na utachoka bila kujua kwa nini. Hapo kaa nyuma, upande wa tezi, au penye kioo cha kukinga. Upepo huo huo ukitoka nyuma yenu, zinabaki maili 3. Sitaha nzima inakuwa imekufa hewa, na mtu mwenye presha anaweza kuzidiwa na joto akiwa amekaa tu. Siku kama hiyo, ambayo inaweza kuwa ile ya kushuka Nosy Be na kaskazi mgongoni, sogea omo kwenye sitaha ya wazi au ingia ndani. Kama dawa yako ya presha ni ya kukojoza, joto na jua vitakupata haraka kuliko wengine. Maji yawe karibu wakati wote. Maji ya bombani melini yanatengenezwa humo humo na yanafaa kunywa, na kwenye ukumbi wa chakula ni bure. Ya chupa yanaandikwa kwenye bili.

Kifungua kinywa nenda saa moja. Kati ya saa tatu na saa nne ukumbi wa kujipakulia ni kama stendi siku ya sikukuu. Chakula cha mchana na cha usiku ninakushauri ulie kwenye ukumbi wa kukaa na kuhudumiwa, si wa kujipakulia, kwa sababu ya presha: vyakula vya melini vina chumvi nyingi, hasa supu, nyama za kusindika, jibini na michuzi, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku. Mhudumu wa mezani unaweza kumwambia "bila chumvi" siku ya kwanza, na kwa kawaida ni yule yule safari nzima, atakumbuka. Kwenye kujipakulia hakuna wa kumwambia.

Mchana lala. Siku ya bahari isiyo na usingizi wa mchana ni siku ya kazi. Lakini saa moja tu, la sivyo usiku utakaa macho ukisikiliza meli inavyolialia.

Swala na usafi

Tanga na Makka viko karibu mstari mmoja wa kusini hadi kaskazini, ndiyo maana kwetu kibla ni kaskazini karibu kabisa. Mkisogea mashariki inahama. Port Louis ni kama nyuzi 23 magharibi ya kaskazini, Mahé kama 30, Nosy Be kama 13. Simu ina dira lakini chuma cha meli huidanganya, hasa chumbani. Fungua runinga ya chumbani, kuna stesheni inayoonyesha ramani na meli inaelekea nyuzi ngapi. Siku mbili za kwenda Mahé rahisi kabisa: omo yenyewe inaelekea karibu kaskazini, basi kibla ni mbele ya meli, kushoto kidogo. Mkishuka kutoka Mahé kwenda kusini magharibi, kibla inakuwa kulia, nyuma kidogo ya ubavu. Safari ya mwisho kuelekea Réunion, karibu na tezi. Kujua omo iko upande gani ukiwa chumbani, angalia namba za vyumba kwenye korido siku ya kwanza. Kwa kawaida zinaanzia mbele.

Kwa msafiri, Shafii wetu wanaruhusu kupunguza na kukusanya, na ukishindwa kusimama bahari ikichafuka unaswali umekaa. Muulize sheikh wako wa mtaa kuhusu siku za kushuka bandarini. Nyakati usizichukue za Tanga. Morisi, Shelisheli na Réunion wako mbele yetu saa moja, Madagaska ni sawa na sisi, na meli inaweza kubaki na saa yake yenyewe. Fuata saa ya meli kwa chakula na kurudi melini, na jua kwa swala.

Choo hakina mpira wa maji. Beba kopo dogo la plastiki. Choo kinavuta kwa hewa kwa kishindo, na chochote kisichokuwa karatasi yake kitaziba mfereji wa vyumba kadhaa, kwa hiyo usitupe pamba wala kitambaa. Kutawadha tawadha ndani ya bafu la kuogea; mlango wake una kizingiti kirefu kuzuia maji, nacho ndicho kinachoangusha watu wazima usiku. Acha taa ya bafuni ikiwaka na mlango wazi kidogo. Viatu viwe vya mpira vinavyoshika kisigino, si ndala.

Udi na chetezo viache nyumbani, Mwalimu. Najua. Lakini moto wa aina yoyote chumbani ni marufuku, na kengele ya moshi inaita zima moto wa meli nzima. Pasi na jagi la umeme navyo vitachukuliwa langoni na kurudishwa mwisho wa safari. Mafuta ya kunukia yanaruhusiwa.

Chakula halali kiombwe kwa maandishi kupitia wakala, wiki kadhaa kabla, na mwanao adai jibu la maandishi. Jibu likiwa "tunajitahidi", chukulia kwamba nyama si ya kuchinjwa kihalali. Kula samaki, mayai, dengu, mboga na matunda. Angalia vitu vitatu ambavyo watu hawaviulizi: mafuta ya kukaangia yanayotumika kwa nguruwe na chipsi pamoja, mvinyo ndani ya mchuzi na keki, na jelatini kwenye vitamutamu. Kwenye meza ya kujipakulia koleo moja hutembea sahani zote. Hiyo ni sababu ya pili ya kukaa ukumbi wa kuhudumiwa.

Koleo hilo hilo ndilo linalosambaza virusi vya norovairasi, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaopenda meli. Dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haiviui vizuri. Sabuni na maji ya kutiririka, sekunde 20, kila kabla ya kula na kila baada ya kushika reli za ngazi. Ukiugua, sema mara moja. Utawekwa chumbani hadi kiasi cha saa 48 baada ya dalili kuisha, inaudhi, lakini anayeficha anaharibia watu elfu mbili safari.

Siku ya kupanda, na pesa

Sanduku lako litachukuliwa bandarini na kuletwa mlangoni jioni, wakati mwingine usiku. Dawa zote, nguo moja, leso na miwani viwe kwenye mkoba wa mkononi. Dawa zikae kwenye boksi zake na barua ya daktari.

Kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka, mtafanyishwa zoezi la uokoaji. Zamani ilikuwa ndani ya saa 24. Kanuni ilikazwa baada ya meli ya utalii Costa Concordia kugonga mwamba Italia Januari 2012 na watu 32 kufa; baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawajafundishwa kitu. Milio mifupi 7 na mmoja mrefu: vaa nguo za joto, chukua dawa, nenda kituo chako kwa ngazi. Lifti usiipande. Kituo chako kimeandikwa kwenye kadi ya chumba. Itembee ile njia mara moja kwa miguu yako siku ya kwanza, upime magoti yanachukua muda gani. Ukiona ni ndefu mno, mweleze afisa. Wanao utaratibu wa kumpa mtu msaidizi.

Kila kitu melini kinalipwa kwa kadi ile ya chumba. Bakhshishi ya wahudumu huongezwa yenyewe, mara nyingi dola 15 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na ni halali kuuliza mapema kama mwanao ameshailipa. Zahanati ya melini ni nzuri lakini bei yake si ya hospitali yetu ya Bombo. Bima ya safari iwepo, na isomeke kwamba inalipia matibabu melini na kuhamishwa mgonjwa kutoka baharini. Kupima presha pale huenda kukahesabiwa kama kumwona daktari, kwa hiyo beba kipimo chako cha mkononi.

Simu iweke hali ya ndege kabla ya kuiacha bandari. Katikati ya bahari inadaka mtandao wa setilaiti wa meli, na dakika chache zinaweza kula salio la mwezi. Kama unataka kuandikiana na wajukuu, nunueni kifurushi cha intaneti kabla ya safari, ni rahisi kuliko ndani, na cha ujumbe tu kinatosha. Michango ya harusi na ada za kikundi zilipe kabla hujaondoka Tanga.

Karatasi kwa ufupi: pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 mbele. Kadi ya homa ya manjano beba. Tangu 2016 chanjo moja inakubalika maisha yote hata kama kadi ni ya zamani. Cha kushughulikia sasa hivi ni Réunion. Ni Ufaransa, Mtanzania anahitaji viza, na viza ya Schengen ya kawaida (ile ya nchi za Ulaya) haifungui mlango wa kisiwa hicho isipokuwa imeandikwa hivyo. Kampuni inaweza kumzuia mtu kupanda kabisa Port Louis kwa kukosa viza ya bandari moja, hata akisema hatashuka.

Mwanao mwambie kitu kimoja mapema, kabla ya safari: siku za bandarini mnatembea pamoja, siku za baharini kila mtu anafuata saa yake na mnakutana mezani jioni. Vijana wanaowalipia wazazi huwa wanataka mzazi aone kila onyesho ili pesa isipotee, na wazazi wanakubali kwa haya. Ndivyo watu wanavyorudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya mlango, yanachukuliwa, na hamuonani tena hadi forodhani. Bakiza nguo ya asubuhi na dozi ya dawa. Bili itasukumwa chini ya mlango au itaonekana kwenye runinga. Isome usiku ule ule na uende mapokezi kama kuna soda usiyoinywa, maana asubuhi foleni inafika kwenye ngazi. Matunda ya melini usishuke nayo, forodha ya Port Louis huyachukua. Na ukifika Tanga ukiona sakafu ya nyumba inacheza unapoinama kutawadha, ni sikio la ndani bado liko safarini. Kwa kawaida linatulia ndani ya siku moja au mbili. Likipita wiki mbili, nenda ukaonwe.